Kibao Kimoja cha Parke ya Mama

Mwezi uliopita wenzangu wa kazini walinipeleka kula katika mkahawa mpya hapa Lubumbashi, ule ambao ukuta wake mmoja umefunikwa wote kwa mbao za zamani. Ndiyo mtindo wa sasa. Zamani ubao mkuukuu ndani ya nyumba ulikuwa aibu, ulitandikiwa kitambaa wageni wasiuone. Leo watu wanaupigia picha. Kijana aliyetuhudumia alitueleza kwa fahari kwamba mbao hizo ni parke, sakafu ya vibao, iliyong'olewa katika nyumba za Kolwezi, ikapangwa upya kipande kwa kipande, ikapakwa nta. Nikasogeza pua karibu na ukuta. Nta, na chini ya nta, lami. Nikashika kiti. Wenzangu walidhani ni njaa, nami nikawaacha wadhani hivyo, maana mwanamke wa umri wangu, mwenye ofisi na watoto wawili, atawaambiaje watu kwamba anaogopa ukuta?

Ninyi wa rika langu mliokulia Kolwezi mnaikumbuka parke. Vibao vidogo, kila kimoja hakizidi kiganja cha mtu mzima, vimepangwa vitano vitano katika miraba, mraba mmoja unalala, unaofuata unasimama, hivyo hivyo sakafu nzima. Ilikuwa sakafu ya nyumba za makada, wakubwa wa migodi, kule kwenye barabara za miti mikubwa, siyo kwetu. Kwetu ilikuwa saruji iliyopasuka, ambayo ukiifagia inatoa vumbi lake yenyewe. Nyumba zile za makada zilipoanza kupata wenyewe wapya, hao wapya hawakuitaka parke. Walitaka vigae vyeupe. Tata, yaani baba yangu, alikuwa seremala, akaitwa kwenda kung'oa, na kazi ile ilimuuma. Alisema ule ni mulombwa, mti mwekundu ambao mchwa wakiufikia wanageuza njia. Akaomba apewe vibao badala ya kuvichoma, avitandike sebuleni kwetu. Akavileta nyumbani ndani ya magunia, juu ya kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli, safari baada ya safari, mpaka ukuta wa nyuma ya jiko haukuonekana tena.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya watu wote wa nyumbani. Vibao vilikuwa vimegandishwa kwa lami, na kila kimoja mgongo wake ulikuwa mweusi. Tata alipasha moto panga bovu juu ya babula, jiko letu la makaa, kisha akakwangua lami ikitoka laini, inanuka, inafuka moshi unaochoma macho. Mimi, Kapinga, na mdogo wangu Kalala tulikuwa tunapokea vibao vilivyosafishwa na kuvigonganisha viwili viwili sikioni, kama Tata alivyotufundisha. Kizima kinalia safi. Kilichooza ndani kinatoa sauti ya mtu mwenye kifua. Kalala alikuwa na miaka mitano na alikuwa anavipa vibovu dawa ya kikohozi, maji ya matope katika kizibo cha chupa, na kazi haikwenda mbele.

Mama alikuwa na mimba kubwa siku hizo. Alikaa kwenye kiti cha chini, miguu imevimba, akitutazama, na siku moja akatusimulia. Nyanya yetu, mama yake, alikuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba moja ya makada. Kila Jumamosi alipiga magoti na kuing'arisha parke kwa nta na kitambaa cha sufu, chumba hadi chumba. Mama, akiwa mtoto, alimpelekea chakula, lakini aliishia mlango wa jiko. Hakuruhusiwa kukanyaga. Aliona tu kule ndani jinsi mbao zilivyong'aa, na mama yake mwenyewe akirudi kinyumenyume kwa magoti ili asiache alama. Mama alisimulia haya bila uchungu, akicheka kidogo. Kisha akajigusa miguu, makulu kama tunavyosema, akatamka maneno yaliyoniingia mwilini na hayajatoka.

"Siku mi ntatembea na makulu tupu juu ya parke mu nyumba yangu mwenyewe, Mungu anaweza kunibeba. Musinililie."

Tata akacheka. Tante Biata, dada yake Tata, aliyekuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, pale karibu, akasema amina. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka tisa, na mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alikuwa ametufundisha wiki chache tu kabla kwamba neno ulilomtamkia Mungu huwezi kulirudisha, analiandika. Nilimsikia Mama kwa masikio yangu akimtajia Mungu siku. Na Tante, mtu mzima, akaweka amina juu yake. Tangu siku ile vibao vingi vizima nilivitupa upande wa vibovu, ili visitoshe. Tata alivigonganisha tena jioni, akavirudisha, akaniambia masikio yangu yanahitaji kuoshwa.

Kisha siku moja kabla ya saa sita, wakati migodi inapolipua na madirisha ya mtaa mzima yanatikisika, Mama alisimama kutoka kwenye kiti chake na kiti kikawa na damu. Sikuona zaidi. Tante alinigeuza uso ukutani. Nilisikia gari la jirani likiwaka, nikamsikia Tata akisema polepole, polepole, na gari likaondoka. Kiti kilioshwa na kuanikwa. Hakuna aliyetueleza chochote, na sisi hatukuuliza, maana katika nyumba yetu mtoto aliyeuliza habari za hospitali aliambiwa mdomo wake unaita mabaya.

Kesho yake nilitoka shule nikiwa nimemshika Kalala mkono. Tulipokata kona ya mtaa wetu nikaona viti vyetu vya sebuleni viko nje.

Nyote mliokulia kwetu mnajua maana yake, lakini niseme kwa ajili ya yule asiyejua. Kwetu mtu akifa, jambo la kwanza ni kutoa vyombo. Sebule inabaki tupu ili wanawake wakae chini juu ya mikeka na walie wakiwa na nafasi. Ukipita mtaani ukaona kabati, sofa na meza vimesimama uani mchana kweupe, huulizi kama kuna msiba, unauliza ni nani. Na pale uani petu palikuwa na kila kitu. Sofa mbili, kabati la vyombo, meza yenye mguu uliounganishwa, televisheni imefunikwa kitenge cha Mama. Juu yake Tata alikuwa amefunga turubai la bluu. Chini ya turubai Tante Biata alikuwa amekaa mkekani na majirani wawili, miguu imenyooshwa, na macho yake yalikuwa mekundu.

Sikulia. Nataka mnielewe hapa, kwa sababu Tante mpaka leo anasimulia kwamba nilikuwa mtoto mwenye moyo mgumu. Sikulia kwa sababu niliamini kwamba nikianza kulia, itakuwa kweli. Mkono wangu ulimbana Kalala mpaka akalalamika. Nilitembea hadi kwenye mkeka, nikasalimia majirani mmoja mmoja kama nilivyofundishwa, na nikamuuliza Tante, kwa sauti ambayo sikuijua, kama Mama yuko wapi.

"Mama anabakia kule kwanza," akasema, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Utamuona."

Basi nikajua. Mwaka ule ule, rafiki yangu wa nyumba ya tatu alipofiwa na mama yake, watu wazima walimwambia mama amesafiri, utamuona. Alisubiri wiki nzima na bahasha ya matokeo yake ya shule mkononi. Leo najua Tante alikuwa amekwangua lami asubuhi nzima juu ya babula, na majirani wale walikuwa wamekuja kumsaidia, na vibao vilikuwa ndani ya beseni pale pale mbele ya macho yangu. Nilikiona kibao mkononi mwake. Lakini hofu ikishamjaa mtu, anaona kile tu anachokiogopa. Na Tante mwenyewe hakuona haja ya kunieleza. Vibao vilikuwa uani kwa wiki nzima na zaidi, nami nilivikwangua kwa mikono yangu. Alidhani ninajua kwamba ndiyo siku ya kutandika.

Ndani, Tata alikuwa amepiga magoti katika sebule tupu. Alikuwa ameanzia ukuta wa mbali, anapaka gundi, anaweka kibao, anakigonga kwa nyundo ya mpira, anaweka kingine. Hakuinua uso. Alikuwa anafanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Nikakumbuka kwamba jirani wetu mmoja alipofiwa na mumewe, kaka zake walipaka chokaa ukuta asubuhi ile ile, ili jeneza lisiingie katika nyumba chafu. Sasa yote yakaungana kichwani mwangu na nikaona baridi juani. Mama alikuwa ameahidi. Tata alikuwa anatimiza sehemu yake. Sakafu ikiisha, Mama ataletwa juu yake, na Mungu atamchukua, na hakuna mwenye haki ya kumlilia kwa sababu yeye mwenyewe alisema asililiwe.

Siku tatu niliishi hivyo. Nilikwenda shule, nikarudi, nikakuta vyombo bado nje. Kalala alijenga nyumba yake chini ya meza na akawa anapokea wageni, mbuzi wa jirani miongoni mwao, nami nilimchukia kwa furaha yake. Nilitafuta dalili za kunipa moyo. Hakuna aliyewasha kuni kubwa uani. Hakuna kwaya ya parokia iliyokuja kuimba. Halafu nilipata jibu langu mwenyewe: wanangoja mwili. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya nyumba lilinibana pumzi. Tante aliniwekea samaki wa ziwa la Nzilo, ninaowapenda kuliko nyama, nikampa Kalala.

Na sakafu ilikuwa inakua. Kila nikirudi ilikuwa imesogea kuelekea mlango wa chumba cha Mama na Tata. Ilikuwa nzuri, na hilo lilinitisha zaidi ya yote. Mbao nyekundu na za kahawia, zenye michirizi ya dhahabu, mraba unalala, mraba unasimama. Siku ya tatu ilibaki mistari miwili. Nilihesabu vibao ndani ya beseni na miraba iliyobaki, maana Tata alikuwa mtu wa kipimo, hakuleta cha ziada. Vibovu vilikuwa vimeishia kwenye makaa. Vilitosha kabisa. Nikafikiri kwa akili yangu ya miaka tisa, na mpaka leo siwezi kusema kwamba ilikuwa akili mbaya: sakafu isiyokwisha si sakafu. Mungu hawezi kudai siku ambayo haijafika. Tata alitoka kunywa maji. Nikatwaa kibao kimoja, nikakiingiza katika mkoba wa shule kati ya daftari la hesabu na la Kifaransa, nikaenda kukaa nyumbani kwa Kalala, chini ya meza.

Haikupita saa moja Tata akaniita. Tante alisimama mlangoni, Kalala naye. Tata alikuwa bado chini, magoti yake meupe kwa vumbi, na mbele yake, mguuni pa mlango wa chumba, mraba wa mwisho ulikuwa na vibao vinne.

"Kipande moya haiko," akasema. "Nilihesabu mara tatu. Nani alibeba?"

Nilisema sijui. Kalala akasema labda mbuzi. Tata alitafuta katika magunia, katika majivu ya babula, chini ya turubai. Alinitazama mara moja, kwa muda mrefu, nami nikatazama ukuta. Nilingoja fimbo. Badala yake alirudi, akakaa chini kwenye parke yake, akafunika uso kwa mikono miwili, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikuwahi kumwona Tata analia. Asubuhi ile, nilikuja kujua baadaye, daktari alikuwa amemwambia kwamba wanampasua Mama siku hiyo, na kwamba aombe. Hakuwa na la kufanya kwa mikono yake isipokuwa ile sakafu, na sasa hata hiyo ilikataa kuisha. Lakini mimi nilimwona baba anayelia katika nyumba isiyo na viti. Nikasimama pale na mkojo ukanishuka miguuni, ukaingia katika miraba mipya, na hakuna aliyenigombeza.

Siku ya nane baada ya damu ile, gari lilipunguza mwendo mbele ya nyumba yetu na halikupita. Ilikuwa asubuhi, kabla hatujaenda shule. Vyombo vilikuwa bado uani, kwa sababu Tata alikuwa anapaka nta na nta ilitaka kukauka. Tante na majirani wale walikuwa mkekani wanakunja nepi, nami nikaelewa kuwa ni vitambaa vya kufunika maiti. Nikafunga macho. Nikasikia mlango wa gari. Kisha nikasikia kelele, na ilikuwa sauti ya Mama.

"Nani alikufa?" Mama alikuwa amesimama kwenye geti, mtoto mchanga kifuani, uso umemwisha damu. Alikuwa anatazama sofa zake chini ya turubai. "Kapinga eko wapi? Kalala eko wapi? Munambie, nani alikufa?"

Akayumba. Dereva alimdaka yeye, Tante akamdaka mtoto. Tata alitoka ndani mbio na kitambaa cha nta mkononi, akaona vyombo, akaona turubai, akaona mikeka, na nilimwona akielewa kwa mara ya kwanza kitu alichokuwa amekiweka mbele ya nyumba yake kwa siku zote hizo.

"Ni parke, mama Kapinga," akasema. "Ni parke tu. Hakuna mutu alikufa."

Nilikuwa nimeshafika kwake. Nilimshika kiuno, nikashika kidonda chake bila kujua, akaguta kwa maumivu na hakuniondoa. Hapo ndipo nililia. Nililia mpaka Tante akaniuliza nalia nini sasa na mama yangu huyu hapa. Nikalia zaidi.

Alipopumzika kidogo, Mama alivua viatu mlangoni. Nilikwenda mbele yake, kinyumenyume, nikitazama nyayo zake, kila hatua, mpaka akafika mlango wa chumba na kidole chake kikubwa kikagusa lile pengo. Akainama kadiri alivyoweza na kuuliza nini hii. Tata akasema kipande kimoja kilipotea, atachonga kingine. Mama akasema, basi bado haijaisha. Nikavuta pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishika wiki nzima.

Tata hakuchonga kingine. Mwaka kwa mwaka Mama alimkumbusha, na mwaka kwa mwaka alisema kesho. Mtoto yule wa kifuani sasa ana ndevu. Mimi nimehama nyumba sita, na katika kila nyumba kibao kile kimelala chini ya nguo zangu za ndani. Mume wangu anadhani ni kumbukumbu ya kazi ya Tata. Miaka miwili iliyopita nilipigiwa simu nije Kolwezi, bila kuelezwa, na nilipokata kona ya mtaa wetu nikaona viti nje. Safari hii ilikuwa kweli. Alikuwa Tata. Wanawake walijaa sebuleni, wamekaa juu ya mulombwa wake, na Mama alikuwa mlangoni pa chumba, mguu umenyooshwa, kisigino ndani ya pengo.

Baada ya siku ile ya mkahawa sikupata raha. Jumamosi iliyofuata nilipanda basi, kibao kwenye mkoba. Mama ana presha sasa, anapumua kwa kujihesabia. Nilimkuta peke yake, nikamwekea kibao mapajani, nikaanza kumwambia yote: ahadi yake, amina ya Tante, viti, magunia, kila kitu. Alikigeuza, akakinusa.

"Tata yako alijuaka," akasema. "Alikionaka mu mukoba yako. Aliniambia: acha, mwenye alibeba atarudisha. Tulizania ulipenda tu mulombwa."

Nilipofika kwenye sehemu ya Mungu na siku aliyotajiwa, alicheka mpaka akashika ubavu, machozi yanamtoka, akasema kumbe miaka yote hii ni mimi niliyemfungia Mungu mlango. Kisha akaacha kucheka. Alinyanyuka, akajiegemeza begani kwangu, tukaenda hadi mlango wa chumba. Alipiga magoti taratibu, kama mama yake, na akakiweka kibao katika nafasi yake. Kiliingia bila kusukumwa. Mraba ulikuwa na vibao vitano, na sakafu ilikuwa nzima. Tuliitazama. Nilisikia pumzi yake, ikipanda na kushuka.

Akaingiza ukucha kwenye ufa, akaking'oa, akanirudishia mkononi.

"Rudia nayo ku Lubumbashi," akasema. "Mi bado niko na kazi."